Hatua Moja Chini ya Kikomo

Mwezi Julai, Ngaramtoni hufunga mapema. Ukungu hushuka kutoka Mlima Meru, hupita juu ya migomba na mibuni, na ikifika saa tatu usiku wenye maduka ya kando ya barabara ya Namanga wamekwisha kufunga milango, vifodi vya mwisho vinarudi mjini na abiria wawili watatu waliojikunyata. Usiku mmoja wa namna hiyo niliketi kwenye stuli ndani ya kibanda cha kutengenezea kompyuta, shuka begani, nikimtazama fundi aliyenifundisha kazi akibadilisha namba moja kwenye kioo cha buluu. Aliikuta 200. Akaandika 210, akahifadhi, akaiacha mashine ijiwashe upya, akasubiri. Ilipowaka alirudi palepale, akaandika 220. Hakusema kitu. Kilichosikika ni feni moja ndogo na mbwa wa jirani.

Kazi ile mafundi wanaiita kuovakloki: kuiendesha prosesa kwa kasi kubwa kuliko iliyoandikwa mgongoni mwake. Nimeifanya mwenyewe mara nyingi tangu usiku ule, na kila nikiifanya naiona ni miongoni mwa kazi za mikono zenye adabu kubwa. Wanaoijua kwa jina tu hudhani ni mchezo wa vijana wapenda mbio. Mimi nimejifunza kwayo subira na ukweli kuliko nilivyojifunza kwenye kazi nyingine yoyote, na ndiyo maana nataka kuisifu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mwalimu wa sekondari. Aliinunua kwenye mnada wa ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa, akawa anaandalia mitihani na kujumlishia alama za wanafunzi. Alituletea siku ya gulio, Alhamisi, amepakata kasha kifuani kama mtoto, akipenya katikati ya wauza mahindi na maharage.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Hii imezeeka. Nikifungua jedwali la alama naenda kuchemsha chai, narudi bado. Nilitaka kujua mpya itanigharimu kiasi gani."

Fundi hakujibu habari ya bei. Alifungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi laini kama unga lililojaa humo. Alizikagua kapasita moja moja kuona kama kuna iliyovimba kichwa. Zote zilikuwa bapa. Aling'oa feni pamoja na bamba la alumini lililo chini yake, akafuta ule ute wa kupitishia joto, ambao kwa miaka ulikuwa umekauka ukawa kama chokaa. Alipomaliza kufuta, maandishi yakatokea: Pentium, 1.80GHZ. Ilikuwa E2160. Akaitazama kwa muda, kisha akamgeukia mwalimu.

"Usinunue mpya kwanza. Hii haijachoka. Hii haijawahi kuambiwa ikimbie."

Ndani ya kila kompyuta kuna mapigo. Kwenye mazabodi, bao kuu linalobeba vipande vyote, kuna fuwele ya kwatzi, imefungwa ndani ya kikopo kidogo cha bati, inayotetemeka mara milioni 14.318 kila sekunde. Saketi iliyo jirani nayo huupokea mtetemo huo na kuuzalisha kuwa mapigo ya mazabodi nzima, ambayo kwenye mashine ya mwalimu yalikuwa milioni 200 kwa sekunde. Prosesa huyachukua mapigo hayo na kuyazidisha mara 9. Mara 9 ya 200 ni 1,800, na hiyo ndiyo gigahezi 1.8 iliyochapwa mgongoni. Kwa kila pigo, prosesa hupiga hatua moja ya kazi yake.

Waarusha hawachezi kwa ngoma. Vijana husimama nusu duara, kiongozi huanzisha wimbo, wenzake hushika mapigo kwa koo, sauti nzito ya chini, na mmoja mmoja huingia katikati kuruka. Anayeruka hachagui wakati wake. Koo za wenzake ndizo zinazompa, na zikiharakisha naye lazima aharakishe, atue na kupaa tena. Lakini iko kasi ambayo mrukaji yeyote, awe hodari namna gani, itamwacha: sauti inamtaka chini, naye bado yuko hewani. Fundi, usiku ule, alikuwa akiziharakisha koo kidogo kidogo, huku macho yake yakiwa kwenye visigino vya mrukaji.

Mtu atauliza: kama prosesa inaweza zaidi, kwa nini kiwanda kiandike 1.8? Mkulima wa kahawa wa hapa kwetu analijua jibu bila kusomea umeme. Kahawa ya shamba moja, iliyonyeshewa mvua moja, iliyochumwa na mikono ileile, ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekecheke na kutoka na majina tofauti: AA, A, B, PB. Majina hayo yanatokana na ukubwa na umbo la punje, nayo ndiyo yanayobeba bei mnadani Moshi. Prosesa nazo huzaliwa shamba moja. Sahani moja ya silikoni hukatwa vipande vingi, kila kipande hupimwa, kisha hupewa jina na kasi ya kuuzia. Kiwanda huacha akiba ya kutosha, kwa sababu bidhaa ileile itauzwa kwenye nchi ya theluji na kwenye nchi ya jangwa, itafungwa kwenye kasha safi na kwenye kasha lililojaa vumbi, na kote huko inatakiwa isilete lawama. Tena wapo wanunuzi wa bei ya chini, na uzalishaji ukiwa mzuri hata vipande vyenye nguvu huandikwa namba ndogo ili wanunuzi hao wapate cha kununua. E2160, iliyotoka katikati ya mwaka 2007, ni ya ukoo mmoja na Core 2 Duo zilizouzwa ghali. Ile 1.8 ni ahadi ya muuzaji. Uwezo wake halisi haujaandikwa popote, na kila kipande kina wake. Hauna budi kutafutwa.

Watu walianza kuutafuta zamani. IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 6. Wadadisi wakaona kwamba fuwele yake imechomekwa tu, wala haikuchomelewa; wakaing'oa ile ya megahezi 12, wakachomeka ya 16, mashine ikaenda kwa megahezi 8. Baadaye IBM iliweka ukaguzi kwenye bayosi, programu ya kuwashia mashine, ili kuzuia jambo hilo. Mwaka 1998 ikaja Celeron 300A ya Intel, bidhaa ya bei nafuu iliyopigishwa mapigo 66 mara 4.5 kupata megahezi 300. Ukiipeleka kwenye mapigo 100 ilifika 450, sawa na Pentium II iliyokuwa kileleni wakati huo, na nyingi zilistahimili. Mwaka 2000 wenye Athlon na Duron za AMD walikuta kizidisho, ile namba ya kuzidishia mapigo, kimefungwa, lakini wakagundua kwamba ukiunganisha vidoa vidogo vilivyo juu ya prosesa kwa mstari wa penseli, kizidisho kinafunguka, maana kiini cha penseli ni grafati, na grafati hupitisha umeme. Kila nikiwasimulia vijana ninaowafundisha habari ya penseli hunyamaza kwanza, kisha huomba niwaonyeshe vidoa vyenyewe. Penseli ya darasa la kwanza ilitosha. Kilichokuwa adimu ni jicho la kuona mahali pa kuchora.

Kuongeza mapigo ni rahisi, hata mtoto anaweza kuandika namba. Ugumu ni kuelewa kinachotokea ndani. Prosesa ni swichi ndogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila swichi inahitaji muda kidogo kufunguka na kufunga. Anayemwagilia kwa mfereji unaoshuka kutoka Meru anaujua muda huo. Ukifungulia maji juu hayafiki tuta la mwisho papo hapo: yanajaza hili, yanavuka, yanajaza linalofuata. Mwenye zamu inayofuata akiyahamisha mapema, migomba ya mwisho itabaki kavu, ingawa kwenye hesabu yako shamba zima limemwagiliwa. Pigo la saa ni zamu ya maji. Likija mapema mno, umeme haujaijaza swichi ya mwisho, na palipotakiwa kuwa na moja pakasomeka sifuri.

Dawa yake ni kuongeza msukumo. Volti zikipanda, swichi hujaa upesi. Lakini dawa hiyo hulipiwa kwa joto, na joto hupanda sambamba na kasi, kisha hupanda tena kwa kipeo cha pili cha volti. Mashine ya mwalimu ilipotoka mapigo 200 kwa volti 1.30 ikafika 333 kwa volti 1.40, kasi ilikuwa imeongezeka kwa theluthi mbili, na joto karibu mara mbili. Joto likizidi, swichi huwa nzito na kudai volti nyingine, nazo volti huleta joto jingine. Isitoshe, umeme mwingi ukipita kwenye nyaya nyembamba husomba chembe za metali, kama maji ya mfereji yanavyokula kingo, mpaka siku moja njia inakatika. Wenye Pentium 4 za aina ya Northwood walijifunza hilo kwa hasara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walizipandisha kupita volti 1.7, zikafanya kazi vizuri kwa wiki au miezi, kisha zikafa ghafla.

Hata mlima una neno katika hesabu hii. Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa kama sehemu moja ya saba. Feni ikizunguka mara moja hapa inabeba hewa kidogo kuliko ingebeba pwani, na kwa hiyo inaondoa joto kidogo. Lakini hewa hiyo, usiku wa Julai, ni baridi, na ubaridi unarudisha kile kilichopungua na kuzidi. Fundi aliuchagua usiku ule kwa makusudi. Alitaka kujua prosesa inafika wapi ikipewa kila nafasi.

Kabla ya kupanda alitenganisha mambo. RAM ya mashine ile ilikuwa DDR2 ya 667, nayo hufuata mapigo ya mazabodi. Ukiongeza mapigo bila kuiangalia, itaanguka yenyewe kwanza na utailaumu prosesa. Kwa hiyo akaipa kizidisho cha 2, ili hata mapigo yakifika 333 isivuke 666. Akafunga mapigo ya kadi za pembeni kwenye 100 ili zisiburutwe. Ndipo akaanza. Mwanzoni alikwenda kumi kumi bila kugusa volti. Kupita 300 akaanza kwenda tano tano, akiongeza volti pale tu mashine ilipokataa kuwaka au ilipowaka na kuganda. Kila hatua aliiandika kwenye karatasi: mapigo, volti, joto, dakika. Nilipomuuliza kwa nini anaandika yote hayo alisema, "Kesho nitakuwa na usingizi, na usingizi hauna kumbukumbu."

Katika kila kituo aliiendesha Prime95. Hiyo ni programu ya George Woltman, aliyeanzisha mwaka 1996 mradi wa watu wa dunia nzima kuchangia kompyuta zao katika kuwinda namba tasa kubwa kupita zote. Mafundi tunaitumia kwa jambo jingine. Ina hesabu nzito ambazo majibu yake yanajulikana tangu awali; inaipa prosesa izikokotoe saa baada ya saa, na kila jibu inalilinganisha na lile la kweli.

333 ilipita saa nzima. Gigahezi 3 kamili, kutoka 1.8, na joto halijafika nyuzi 65. Mimi nilishaanza kutabasamu. Fundi akaendelea hadi 345.

Dakika ya arobaini, kiini kimoja cha prosesa kikasimama. Hakukuwa na moshi wala harufu. Kioo hakikuzimika, feni haikubadilisha sauti, mshale wa panya ulikwenda kila nilipoupeleka. Ulitokea mstari mmoja tu wa maandishi, ukisema kwamba jibu lililopatikana halikulingana na lililotarajiwa.

Fundi akanitazama. "Umeona? Haijafa. Imesema uongo."

Sentensi ile ndiyo iliyonifanya nibaki katika kazi hii. Nilikuwa nikidhani ukomo wa kitu ni pale kinapovunjika. Kamba ina ukomo wake, ukiivuta kupita hapo inakatika na kila mtu anaona. Ngoma ikilia sana hupasuka, na mpasuko unasikika mtaa wa pili. Prosesa haiko hivyo. Inapofika ukomoni inaendelea kutabasamu, inafungua mafaili, inachapa barua, na katikati ya mamilioni ya majibu sahihi inachomeka moja lisilo sahihi. Inadanganya muda mrefu kabla ya kufa. Na mashine hii ilikuwa ya mtu anayejumlisha alama za watoto wa watu. Sabini na moja ikigeuka sitini na moja ndani ya jedwali, hakuna moshi utakaomwambia mwalimu.

Kwa hiyo ustadi wa kazi hii ni kuusikia uongo ukiwa bado mdogo, na kujua ni nani aliyeusema. Fundi hakuharakisha kuihukumu prosesa. Mapigo 345 yalikuwa yameisukuma RAM hadi 690, juu kidogo ya haki yake, na mazabodi nayo ilikuwa ikipelekwa mbio. Akashusha kizidisho cha prosesa kutoka 9 hadi 6, akaacha mapigo yaleyale 345. Sasa prosesa ilikuwa ikitembea kwa gigahezi 2 na kidogo, mzigo mwepesi kwake, lakini RAM na mazabodi zilibaki palepale kwenye kasi iliyoleta kosa. Akaendesha jaribio upya, tukanywa chai. Saa nzima ikapita bila kosa. RAM haikuwa na hatia, wala mazabodi. Akarudisha kizidisho 9, akaongeza volti kidogo kuona kama prosesa ilikuwa ikidai msukumo tu. Joto likapanda, na safari hii kosa likaja dakika ya kumi na moja.

"Basi," akasema. "Hapo ndipo inapoishia. Tumepajua."

Wako wanaokwenda mbali zaidi ya hapo, na ninawaheshimu. Mwaka 2011 timu ya AMD ilifikisha prosesa ya FX-8150 gigahezi 8.429 kwa kuipoza na heli ya kimiminika, ubaridi wa nyuzi 269 chini ya sifuri. Baadaye wengine wakavuka 9. Wengi wao hutumia naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, wakiimimina kwenye kikombe cha shaba kilichokaa juu ya prosesa. Watu wa Arumeru wanakijua kimiminika hicho kuliko wanavyodhani. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, na mbegu za madume bora huhifadhiwa humohumo, katika mitungi ya naitrojeni. Huko kwenye rekodi prosesa inatakiwa isimame dakika chache, namba isomwe, ishuhudiwe. Ni mashindano ya kuruka juu. Kazi ya fundi wa Ngaramtoni ni ndugu wa damu wa mashindano hayo, ila mrukaji wake anatakiwa aruke kutwa, kila siku, miaka mitano ijayo, bila kukosea hata mara moja.

Na kazi hii ina makao yake hasa kwenye mashine za zamani. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM waliandika jinsi swichi zikipunguzwa ukubwa, na volti zikipunguzwa kwa uwiano uleule, kasi inavyoweza kupanda bila joto la kila eneo kuongezeka. Kanuni hiyo iliibeba kasi ya kompyuta kwa miaka 30, mpaka ilipogonga mwamba katikati ya miaka ya 2000, volti zilipokataa kushuka zaidi. Mwaka huohuo wa 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa polepole miaka iliyofuata. Kwa hiyo mbio kubwa za kasi zilipokuwa zikikimbiwa, sisi tulikuwa nje ya uwanja, na mashine zilipoanza kutufikia kwa wingi, nyingi zilikuwa zimekwisha kumaliza zamu yao kwa watu wengine. Tulizipokea na umri wao, na bei yao, na hukumu iliyokwisha kutolewa juu yao.

Tangu mwishoni mwa 2008, Intel ilipotoa Core i7 zake za kwanza, prosesa zilianza kujiongezea kasi zenyewe: zinapima joto lao, zinapima umeme, zinapanda mpaka karibu na dari. Akiba ile ambayo zamani iliachwa ndani bila kuguswa sasa inatumiwa na kiwanda chenyewe, na fundi akija anakuta sufuria imekwisha kukombwa. Lakini kwenye E2160 na wenzake bado iko, imelala palepale ilipoachwa mwaka 2007. Mtu aliyeiuza mashine kwenye mnada hakujua kama anaiuza na akiba hiyo. Aliuza 1.8 iliyoandikwa, na ile nyingine ikaja Ngaramtoni bure. Kuitafuta ni kukataa kupokea hukumu ya mtu mwingine juu ya kitu kabla hujakipima kwa mikono yako.

Fundi alirudisha mapigo 333 kwa volti 1.40, akaanzisha Prime95, tukajifunika, tukalala pale pale, yeye kwenye kiti, mimi kwenye maboksi. Kengele ya kanisa ilipotuamsha alfajiri, kioo kilikuwa kikiwaka na orodha ndefu ya majibu sahihi. Hakukuwa na kosa hata moja. Niliruka. Gigahezi 3, usiku kucha! Nilikuwa tayari kumpigia mwalimu simu.

Fundi alikunywa maji, akaketi, akaingia kwenye bayosi. Akafuta 333, akaandika 320. Akashusha volti hadi 1.35.

"Fundi, mbona imepita?"

"Imepita usiku wa Julai," akasema. "Mwalimu ataitumia Februari, saa nane mchana, chini ya bati, na vumbi limerudi kwenye feni. Mimi nimeipima mashine ya leo. Yeye atakuwa na mashine ya siku ile."

320 mara 9 ni 2,880. Kwa namba alizozipoteza, chache mno, alikuwa amenunua kitu ambacho hakionekani popote kwenye kioo: umbali kati ya mwalimu na uongo wa kwanza. Nimekutana baadaye na wanaoweza kuifikisha prosesa juu kuliko yeye. Sijakutana na wengi wanaoweza kupajua pa mwisho, wakapagusa kwa kidole, kisha wakashuka hatua moja kwa hiari yao, bila mtu kuwaona na bila mtu kuwashukuru. Anayeshuka bila kuwa amefika juu ni mwoga tu, maana hajui anashuka kutoka wapi. Anayefika na kukaa hapohapo anamkopa mwenye mashine bila kumwambia. Fundi alifika, akapajua, akashuka.

Kabla ya kufunga kasha alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa penseli na kukibandika kwa gundi ya karatasi upande wa ndani: "320 x 9. Volti 1.35. Julai, usiku. 345 haikuweza." Nilidhani anajiandikia mwenyewe. Hakuwa anajiandikia.

Miaka miwili baadaye, mwezi Februari, mwalimu aliniita nikamsafishie mashine, fundi akiwa safarini. Nilifika mchana, jua limesimama juu ya bati, chumba kinafuka. Nilipofungua ubavu wa kasha, karatasi ilikuwa palepale, imegeuka rangi. Niliisoma, kisha, kabla sijapuliza vumbi, nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelibeba moyoni tangu alfajiri ile. Niliandika 333, nikarudisha volti 1.40, nikaanzisha jaribio. Dakika ya kumi na mbili kiini kimoja kikasimama, na ule mstari mmoja wa maandishi ukatokea, kimya, wakati feni ikiendelea na mshale ukitembea kama kawaida.

Nikarudisha 320 na volti 1.35, vumbi likiwa bado limo ndani. Nikakaa nayo mpaka jua lilipoanza kwenda upande wa Monduli, nikihesabu majibu. Kisha nikaazima penseli ya mwalimu, nikaongeza mstari chini ya mwandiko wa fundi: "Februari, saa nane mchana, na vumbi lake. Hakuna kosa."